Uliza Nesi wa Macho: vumbi, mchanga na vile vidude vinavyotuingia jichoni

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za kitu kimoja, vumbi na takataka kuingia machoni, kwa hiyo nimeamua kuzijibu kwa mpigo. Zilizofanana nimechukua moja, majina nimeyatoa, na chache nimezifupisha maana kuna watu mnaandika mpaka historia ya ukoo. Alafu kwa wale mnaoniita daktari, mimi ni nesi wa macho jamani, daktari yuko chumba cha pili na yeye ndo anaandika dawa.

SWALI: Dada habari za kazi. Juzi nilikuwa nafagia kitu kikaniingia jicho la kulia, nikafikicha, nikaosha na maji nikaona kama kimetoka, ila mpaka leo nikipepesa nasikia bado kipo kule juu ndani ya kope. Nimejiangalia kwenye kioo sioni kitu, mume wangu kamulika na tochi ya simu naye haoni. Je kinaweza kuwa kimezunguka nyuma ya jicho? Naogopa kisije kikafika kwenye ubongo.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na hilo la ubongo litoe kichwani kabisa. Ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho ndo hiyo hiyo inayopanda juu, inajikunja na kurudi kufunika upande wa ndani wa kope, kwa hiyo kule juu pamefungwa, ni mfuko tu. Vumbi linaweza kujificha kwenye huo mfuko lakini haliwezi kupita kwenda nyuma.

Sasa kwa nini bado unakisikia, hapa kuna mambo mawili.

La kwanza, inawezekana kweli kipo. Kope la juu kwa ndani lina kijifereji chembamba, kama milimita 2 tu kutoka ukingoni, na chembe za vumbi zinapenda sana kukwama hapo. Kwenye kioo huwezi kukiona hata umulike na taa ya gari maana kiko upande wa ndani, na kila ukipepesa kinakwangua kioo cha jicho juu chini, juu chini. Ukija kliniki tunakuwekea ile rangi ya njano ya kuchunguzia, tunamulika taa ya buluu, na mikwaruzo inawaka kijani, mistari imesimama wima upande wa juu. Ukiiona tu hiyo mistari unajua la kufanya ni kugeuza kope. Mgonjwa anaambiwa angalia chini, angalia magoti yako, daktari anashika zile nywele za kope anazivuta taratibu, analaza kijiti cha pamba juu ya kope na kulipindua, na hapo unakiona, kidoti cheusi kimekaa kwenye wekundu, mara nyingi ni kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Kinafutwa mara moja tu na pamba yenye maji. Mgonjwa anapepesa, anapepesa tena, alafu anauliza "ndo hicho tu?" Ndo hicho tu.

La pili, inawezekana kilishatoka siku ile ile ila kimeacha mchubuko. Konea, yaani kile kioo kinachong'aa mbele ya sehemu yenye rangi, haina mshipa wa damu hata mmoja lakini mishipa ya fahamu imejaa kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo mchubuko ambao kwenye kidole usingeusikia, kwenye jicho unausikia kama jiwe. Na ubongo hauwezi kutofautisha mchubuko na kitu kilichopo, wenyewe unakwambia tu "kuna kitu toa". Basi mtu anaendelea kutafuta kitu ambacho hakipo, anafikicha, anachokonoa na kona ya leso, anavuta kope mpaka linavimba, na mchubuko unakua. Nikwambie ukweli, kazi kubwa tunayofanya si kutoa vumbi, ni kutibu kile mtu alichojifanyia baada ya vumbi kuingia. Mchubuko mdogo ukiachwa kwa amani hupona wenyewe ndani ya siku 1 hadi 3.

Kwa siku nyingine kikikuingia, nawa mikono kwanza, usifikiche, pepesa haraka haraka na uache machozi yafanye kazi yake, mara nyingi hapo ndo inapoishia. Kisipotoka shika zile nywele za kope la juu, livute lishuke lifunike kope la chini kidogo alafu liachie, nywele za chini zinafagia upande wa ndani wa la juu. Bado? Maji safi ya uvuguvugu, inamisha kichwa upande wa jicho lenye shida, mimina kutokea upande wa pua kwenda nje ili uchafu usihamie jicho la pili, au jaza bakuli safi ingiza uso na upepese ndani ya maji. Ukikiona kiko kwenye weupe au kwenye kope la chini mwambie mtu akiguse na ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Kikiwa juu ya ile sehemu yenye rangi, hapo mtu asiguse, si mume wala nani.

Wewe imeshapita siku nzima na bado, kwa hiyo nenda ukageuzwe kope. Dakika chache tu.

SWALI: Kwani kufikicha kuna ubaya gani, mbona nikifikicha nasikia raha kabisa?

JIBU: Raha ipo, sikatai. Ukibonyeza jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa mpaka mapigo ya moyo yanapungua kidogo, na machozi yanatoka, kwa hiyo mwili unatulia. Shida ni kwamba kama kuna chembe ya mchanga umeisaga juu ya konea, na kama ni aleji basi kufikicha kunapasua zile seli zinazotoa histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta muwasho, na muwasho unarudi kwa nguvu zaidi, ndo maana ukianza huwezi kuacha. Na wale wanaofikicha miaka na miaka, hasa vijana wenye aleji, wengine konea inakuwa nyembamba na kuchomoza mbele, kuona kunaharibika na miwani ya kawaida haisaidii vizuri tena. Ukiwashwa chukua kitambaa safi cha maji baridi, fumba macho, weka juu dakika kadhaa. Muwasho utashuka, na jicho halijaguswa.

SWALI: Mambo vipi sista. Mi ni fundi wa mageti, nakata vyuma na grainda kila siku. Miwani ninayo ila inaingia ukungu nikitoka jasho kwa hiyo naivua. Wiki iliyopita cheche ikaniingia, jamaa yangu hapa gereji ni mtaalam wa kutoa na ncha ya sindano akanitoa, maumivu yakapungua ila kwenye jicho naona kidoti cha kahawia na asubuhi jicho linakuwa jekundu. Kitaisha chenyewe?

JIBU: Hapana, na nakuomba uende leo, usisubiri wikiendi.

Hicho kidoti cha kahawia ni kutu. Chuma kikikaa kwenye jicho lenye maji ya machozi kinaanza kupata kutu ndani ya masaa tu, na kutu inaingia kwenye konea inaacha duara. Chuma umetolewa, duara limebaki, na linaendelea kuchokoza jicho. Daktari analitoa kwa kukwangua na kifaa maalumu baada ya kulitia jicho ganzi, akiwa ameegemeza kidevu chako kwenye ile mashine yenye darubini. Huyo jamaa yako mtaalam nampa heshima zake kwenye vyuma lakini konea katikati ina unene wa kama nusu milimita, sasa mtu na sindano isiyochemshwa, mkono umetoka kushika grisi, anaangalia kwa macho matupu, akiteleza kidogo ametoboa, na asipotoboa amekupandikizia bakteria. Kila gereji ina mtu wa hivi. Mwambieni apumzike.

Kingine ambacho mafundi hamkijui na kinaniumiza. Ukiwa unapiga chuma kwa nyundo, patasi, msumari wa zege, kipande kinachoruka kina kasi kubwa sana na kinaweza kupita moja kwa moja kikaingia ndani ya jicho, na usisikie maumivu makali, unasikia tu kama umepigwa na kitu alafu inaisha. Nje unaona tundu dogo au huoni kabisa. Ukiona baada ya kupiga chuma kuona kumekuwa na ukungu, au ile mboni nyeusi katikati imekaa vibaya, imevutika upande mmoja, au kuna majimaji au damu, usioshe, usibonyeze, usiweke dawa yoyote, funika na kitu kigumu kisichogusa jicho kama kitako cha kikombe cha plastiki ulichokikata, na nenda hospitali ukiwa umefunika hivyo hivyo. Chuma kikikaa ndani kinatoa sumu inayoua sehemu ya kuonea polepole.

Kuhusu ukungu, nunua ile miwani inayobana uso yenye vitundu vya hewa vya pembeni vilivyofunikwa, siyo ile ya kawaida iliyo wazi ubavuni, maana cheche haziji kwa mbele tu, zinaruka na kutoka pembeni. Ukipaka tone la sabuni ya maji kwenye kioo kwa ndani na kufuta mpaka kikauke ukungu unapungua. Na ile ngao ya uso unayovaa kwa grainda, vaa juu ya miwani, isiwe badala ya miwani. Ukimaliza kazi inama, kung'uta nywele na nyusi ukiwa bado umevaa, alafu ndo uvue. Wengi wanaingiwa na vumbi la chuma wakati wameshamaliza kazi, wanavua miwani wanapangusa jasho la usoni na mkono, vumbi la kwenye nyusi lote linashuka ndani.

Alafu kabla sijasahau, daktari akikuwekea yale matone ya ganzi utasikia maumivu yamekata papo hapo na utataka chupa uende nayo nyumbani, kila mtu anaomba. Hupewi. Ganzi ikitumika kila mara inazuia konea isipone na inaweza kuiharibu kabisa.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa miaka minne kamwagiwa mchanga usoni na mwenzie wakicheza, analia hataki hata nimguse, anafumba macho kwa nguvu. Nifanyeje siku nyingine?

JIBU: Marahaba mama. Kulia mwache alie, machozi yake ni maji bora kuliko yoyote utakayommiminia. Unachozuia ni mikono yake. Mviringishe na taulo kuanzia mabegani mikono ikiwa ndani, mlaze au mpakate kichwa kikiwa pembeni, futa kwanza mchanga wa usoni na kwenye kope kwa kitambaa kilicholowa kabla hujafungua jicho, maana ukifungua tu ule wa nje unaingia ndani, hili watu wengi wanalisahau. Alafu mimina maji taratibu.

Kama ni dawa ya matone amepewa na hataki, usimfungue kwa nguvu mkaanza mieleka. Mlaze chali akiwa amefumba macho, weka tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, likae pale kama kidimbwi, mwambie angalia juu nikuonyeshe kitu. Akifungua tu dawa imeingia.

Akiendelea kufumba jicho, au mwanga unamsumbua, au kesho yake bado jekundu, mpeleke. Mtoto hawezi kukwambia "naona ukungu", anakwambia kwa kufumba jicho moja.

SWALI: Simenti ikiingia jichoni ni sawa na vumbi tu?

JIBU: Siyo sawa hata kidogo! Simenti, chokaa, sabuni kali za kusafishia, zile dawa za kuzibua mabomba, zote zina magadi makali na magadi hayo yanazidi kuzama ndani ya jicho kadri dakika zinavyokwenda, hata kuliko asidi nyingi. Hapa hakuna kupiga simu kwanza wala kutafuta maji yaliyochemshwa. Bomba la karibu, fungua, weka jicho chini ya maji yanayotiririka polepole, mtu akusaidie kushikilia kope wazi, geuza geuza jicho juu chini kulia kushoto, toa chembe zote zinazoonekana chini ya kope, na uendelee dakika 15 mpaka 30 bila kuacha. Saa ni muhimu hapa, angalia saa kabisa, maana mtu mwenye maumivu akiosha dakika 2 anaona ameosha nusu saa. Usijaribu kuweka siki wala kitu chochote cha kupoza hiyo kemikali, ni maji tu. Ukimaliza ndo hospitali, na ubebe chupa au mfuko wa hicho kitu tuone kilichoandikwa.

SWALI: Habari dada, mimi macho yangu kila siku ya vumbi yanakuwa mekundu. Kuna dawa ya matone nilipewa na shoga yangu, nikiweka tu yanakuwa meupe pee ndani ya dakika chache. Tatizo sasa nisipoweka yanakuwa mekundu kuliko mwanzo kwa hiyo naweka asubuhi mchana jioni. Kuna nyingine nayo nilipewa famasi, hiyo ndo inatuliza haswa, nimetumia miezi. Je nibadilishe?

JIBU: Nimeisoma hii meseji nikashusha pumzi. Tuanze na ya shoga yako.

Dawa nyingi za kufanya macho yawe meupe zina kitu kinachobana mishipa ya damu. Hazitoi vumbi, hazitibu chochote, zinabana tu mishipa wekundu usionekane. Ikiisha nguvu mishipa inatanuka zaidi ya mwanzo, unaweka tena, unabana tena, na sasa wekundu unaotibu umetengenezwa na dawa yenyewe. Ziache. Utakaa na macho mekundu siku kadhaa, vaa miwani ya jua ukiona aibu, yatatulia.

Hiyo ya pili ndo inayonitisha. Angalia kwenye boksi kwa maandishi madogo, ukiona deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni, hizo ni steroidi. Mara nyingi zimechanganywa na antibiotiki kwenye chupa moja, kwa hiyo muuzaji anakwambia "hii ni ya kuua vijidudu" na yeye hajakudanganya, hajakwambia tu nusu ya pili. Steroidi kwenye jicho inatuliza kila kitu kwa haraka sana, ndo maana watu wanaipenda, lakini ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya macho, na presha ya macho haiumi, inakula mshipa wa kuonea kimya kimya kuanzia pembeni, siku unashtuka kilichopotea hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho ukiwa bado kijana. Na kama jicho lina fangasi au virusi vya malengelenge, steroidi inavifungulia mlango.

Kwa hiyo usiache tu ukakaa nyumbani. Beba hizo chupa zote mbili nenda ukapimwe presha ya macho, mwambie daktari umetumia muda gani, usifiche, na yeye atakwambia namna ya kuiacha. Siyo dawa mbaya ujue, sisi wenyewe tunaitumia kila siku, ila lazima kuwe na mtu anayeangalia ndani ya jicho lako wakati unaitumia.

Kinachofaa kwa vumbi la kila siku ni machozi ya bandia, yale ya kulainisha tu, yasiyo na steroidi wala kibana mishipa. Ukihitaji kuweka zaidi ya mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani ile kemikali ya kuzuia dawa isiharibike chupani, yanakuja kwenye vichupa vidogo vidogo vya kutumia mara moja, maana kile kihifadhi chenyewe kikizidi kinachubua. Chupa nyingi za kawaida ukishafungua hesabu wiki 4 alafu tupa hata kama imebaki nusu, na soma pia kilichoandikwa kwenye boksi lake. Najua inauma kutupa. Na tafadhali chupa moja macho ya mtu mmoja, usimpe na shoga yako akajaribu.

SWALI: Mi nafanya kazi kwenye kompyuta ofisini hakuna vumbi kabisa ila jioni macho yanachoma na nasikia mchanga. Huo mchanga unatoka wapi?

JIBU: Hakuna mchanga, ni ukavu. Mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini inashuka sana, wengine hazifiki hata nusu, na nyingi zinakuwa nusu nusu, kope halifiki chini. Machozi siyo maji tu, chini kuna ute unaoshika kwenye jicho, katikati maji, juu kuna mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke, na hayo mafuta yanakamuliwa na kope kila unapopepesa vizuri. Usipopepesa utando unapasuka, konea inabaki wazi, na kope likishuka ni kama waipa ya gari kwenye kioo kikavu.

Weka skrini chini kidogo ya usawa wa macho ili kope lisifunguke sana, feni na AC zisikupulizie usoni, na kila ukimaliza kusoma ukurasa fumba macho kabisa, hesabu mbili, fungua. Jioni kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya kope zilizofumbwa dakika 5 mpaka 10 kinayeyusha yale mafuta yaliyoganda. Angalieni wasomaji: baridi ni kwa muwasho wa aleji, moto kiasi ni kwa ukavu na kope zenye magamba, msichanganye.

Watu wa pikipiki na baiskeli hii inawahusu pia, upepo unakausha machozi kwanza alafu vumbi linakuja kutua kwenye jicho ambalo halina kitu cha kuliosha. Shusha kioo cha helmeti au vaa miwani iliyojipinda mpaka pembeni. Ya usiku iwe isiyo na rangi tafadhali.

SWALI: Jani lilinichapa jichoni shambani siku 5 zilizopita, mwanzo lilipoa sasa limeanza kuuma tena na kuna kidoti cheupe. Niendelee na antibiotiki niliyonunua?

JIBU: Simama hapo hapo, nenda hospitali yenye daktari wa macho leo hii. Mchubuko wa kawaida unapungua kila siku. Unaopoa alafu ukarudi, na kidoti cheupe kwenye konea, huo ni kidonda, na kikitokana na jani, mti, mabua au nafaka tunafikiria fangasi, ambao antibiotiki haiwagusi kabisa. Wanakuja polepole, siku kadhaa mpaka wiki baada ya ajali ukiwa umeshaisahau, na matibabu yake ni ya wiki nyingi. Daktari atakwangua kidogo apeleke maabara. Mwambie habari ya jani hata asipouliza. Na kama kwenye hiyo dawa uliyonunua kuna steroidi, usiweke hata tone moja lingine.

SWALI: Navaa lensi za kontakti, vumbi likiingia natoa naisuuza kwa maji ya bomba narudisha. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Kutoa ni sahihi, maji ya bomba hapana. Kwenye maji ya kawaida, hata yanayonyweka, kunaweza kuwa na kijidudu kinaitwa akanthamoeba, na kikishika kwenye lensi na konea ina mchubuko kinaleta ugonjwa wenye maumivu ambayo sitaki kukuelezea, na kuutibu ni miezi. Suuza kwa dawa yake ya lensi tu, siyo mate pia (nawajua). Jicho likiwa jekundu usirudishe, vaa miwani mpaka litulie, na likiuma au lisipotulia kesho yake njoo na lensi zenyewe kwenye kikopo chake.

SWALI: Nilichubuka jicho na kucha ya mtoto, nikapona kabisa. Sasa baada ya wiki kadhaa naamka asubuhi nikifungua tu jicho nasikia kama limechanwa na kisu, baada ya saa moja linaisha. Nimerogwa au?

JIBU: Hujarogwa dada. Ngozi mpya ya konea iliota ila haijashika vizuri chini, usiku jicho linakauka kidogo, kope linagandana nayo, na ukifungua kwa ghafla linaibandua. Inatokea sana baada ya kuchubuliwa na kucha, karatasi au tawi. Daktari atakupa mafuta ya kupaka ndani ya jicho usiku, na yanatumika kwa miezi, siyo siku 3 alafu unaacha kwa sababu umepata nafuu. Asubuhi kabla hujafungua macho, yazungushe taratibu yakiwa yamefumbwa, au weka tone la machozi ya bandia kwenye kona alafu ndo ufungue.

SWALI: La haraka tu, kwa nini nikiweka dawa ya macho nasikia ladha chungu kooni? Na matone mangapi yanatosha, daktari kasema moja ila moja naona halitoshi.

JIBU: Kwenye kona ya ndani ya kila kope, ukivuta kidogo mbele ya kioo utakiona, kuna kitundu kidogo sana. Hapo ndo machozi yanapopitia kwenda puani alafu kooni, ndo maana ukilia pua inachuruzika, na dawa nayo inapita njia hiyo hiyo.

Moja linatosha. Tone la chupa tayari ni kubwa kuliko kiasi ambacho jicho linaweza kushika, la pili linamwagika shavuni au unalimeza. Vuta kope la chini liwe kama mfuko, angalia juu, dondosha moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala nywele za kope, fumba taratibu usikaze, na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa kidole dakika 1 au 2. Uchungu kooni utapungua na dawa itabaki jichoni. Kama una dawa mbili subiri dakika 5 katikati, na mafuta ya kupaka yawe ya mwisho.